Mtungi wa Bibi Biubwa

Rangi ya koridoni ilikataa kukauka. Sebuleni ilikauka, vyumbani ilikauka, hata jikoni kwenye masizi ya miaka arobaini ilishika vizuri tu. Lakini pale koridoni, siku ya tatu, na jua lile la Zinga, Sada aliweka kiganja ukutani kikatoka cheupe, kimelowa. Akakinusa. Kilinukia udongo mbichi, na kwa mbali asumini.

"Fundi kazidisha maji," alisema Farhan, mumewe. "Mafundi wa siku hizi nao!"

Sada akapangusa kiganja kwenye kanga yake. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za kabla ya hiyo zilitoka, na daktari alimwambia wazi kwamba hii asikae nayo mbali na hospitali kubwa. Ndiyo maana nyumba aliyoachiwa na marehemu bibi yake ilikuwa inauzwa: iuzwe haraka, iuzwe vizuri, wapate pa kukaa Dar kabla siku hazijatimia. Mtoto huyu azaliwe hai, basi. Hakuomba kingine.

Aliyewaelekeza namna ya kuipamba nyumba ni dalali Muharami, mtu asiyejua kunyamaza hata anapotafuna. Pigeni rangi nyeupe. Fyekeni majani. Toeni makorokoro yote. Alipofika koridoni akasimama mbele ya mtungi mkubwa uliokaa pembeni, gizani.

"Dada Sada, na huu?"

"Mtungi wa bibi huo."

"Mteja akikuta mtungi gizani anajua kaingia kwa mganga. Toa, dada, toa!"

Sasa, mtungi huo Bibi Biubwa alikuwa akiujaza maji kila Alhamisi jioni, anatupia maua ya asumini, anafunika kwa kawa, na hakuna aliyeruhusiwa kunywa humo. Sada alipokuwa na miaka sita alichota kata moja tu, akala kofi ambalo shavu lake halijalisahau. Kwa nini? Hakuambiwa. Wazee wetu nao, Mungu awarehemu, wanaondoka na maelezo yao mdomoni! Hata bibi alipofariki, Sada aliendelea kuujaza kwa mazoea tu.

Basi saa saba mchana, jua la utosi, wakauburuta mpaka kizingitini, na Sada mwenyewe akauinamisha. Mtoto yeyote wa pwani anafundishwa kwamba ukimwaga maji mlangoni, hasa saa kama hiyo, unapiga bismillah kwanza, unawataka radhi wasioonekana. Sada alilijua hilo tangu utotoni. Lakini alikuwa na haraka. Maji yakamwagika shwaa, baridi kupita kiasi, yakamlowesha mpaka magotini, na mtoto tumboni akaruka. Muharami akaenda kuuvunjia mtungi jalalani. Rangi ya koridoni ilipigwa kesho yake.

Jumamosi akaja mnunuzi, mama mmoja wa makamo kutoka Dar, na kila kitu kilimpendeza. "Hapa viti vyangu, hapa televisheni," alisema, na Sada akaanza kupumua. Wakaingia koridoni.

*Kwa.* Kata iligonga ukingo wa udongo. Kisha maji yakamiminika.

"Kumbe kuna mtu anaoga?" aliuliza yule mama.

Farhan akafungua mlango wa bafu. Sakafu kavu, ndoo tupu. Wakatazamana, na hapo ikasikika tena, *kwa*, si bafuni bali nyuma yao, pale kwenye pembe tupu ulipokuwa mtungi, karibu kabisa, na ule ukuta mweupe ukaanza kutoa jasho mbele ya macho yao, matone yakateremka taratibu yakiacha michirizi, na harufu ya asumini ikawa nzito mpaka inakaba koo, na yule mama akatoka mbio bila viatu.

Farhan akaenda Mkange kumleta Bi Hajra, mganga aliyekuwa akijuana na marehemu. Alifika kabla ya magharibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nani aliumwaga?"

"Mimi," Sada alinong'ona.

"Ulisema nini ulipomwaga?"

"Sikusema kitu."

Bi Hajra akafumba macho. "Yule alikuwa anakaa humo, na bibi yako ndiye aliyemkaribisha. Jini wa maji huyo. Hakai ila penye maji na giza. Umemtoa kwake hukumpa pa kwenda."

Akafukiza ubani, akasoma chumba hadi chumba, na alipofika koridoni sauti yake ikapanda, ikatetemeka, ikapanda tena, na kata ikawa inagonga haraka haraka kama mtu anayefukuzwa huku anakusanya vyombo vyake, na Sada aliyesimama mlangoni akahisi baridi ikimpanda kutoka vidoleni, ikapita magotini, ikapita mapajani, kisha kila kitu kikanyamaza.

"Ameondoka?" aliuliza Farhan.

"Humu ndani ya nyumba hamna kitu tena." Bi Hajra alisema hivyo akitazama chini. Sadaka aliyopewa hakuipokea. Alijifunga kanga yake akaondoka hata chai hajanywa.

Asubuhi ukuta ulikuwa mkavu. Yule mama alirudi kufuata viatu vyake, akaambiwa na Muharami kwamba lilikuwa bomba bovu tu, akakuta nyumba imetulia, ina hewa safi, akainunua. Muharami alicheka siku nzima. Kabla wiki ya pili haijaisha Sada na Farhan walikuwa wamehamia Dar, mtaa wa pili tu kutoka hospitali, na Sada alilia kwa furaha.

Jioni ya Alhamisi alikuwa amejilaza, na Farhan, kama ilivyokuwa kawaida yake, akaweka sikio tumboni kumsikiliza mwanawe. Alikuwa anatabasamu. Kisha tabasamu likamtoka.

"Anacheza?" aliuliza Sada. "Tangu asubuhi sijamsikia."

Farhan hakuinua kichwa. Chumba kilianza kunukia asumini.

"Sada," alisema polepole, "mbona kama kuna mtu anachota maji?"