Simu ya Kitanda cha Sita

Simu ya maabara ilianza kunukia poda, na siku ya kwanza hakuna aliyejali. Maabara ya hospitali hunuka spiriti na damu tangu asubuhi, na pua iliyozoea hayo haishtuki ovyo. Lakini Bi Darubini, mpimaji wa damu kazini kwa miaka kumi na minane, alipoinua mkonga wa simu saa saba kasoro dakika kumi mchana, aliitambua harufu ile mara moja. Ilikuwa poda ya kinyozi, ile anayokupaka shingoni akishamaliza kukunyoa.

"Maabara," alisema.

Upande wa pili kulikuwa na pumzi tu. Nyuma ya pumzi, mkasi ulikuwa unakata taratibu: kwachu, kwachu.

Aliirudisha simu akaketi. Kuna kinyozi mmoja aliyemfahamu, na huyo alikuwa amekufa.

Tuseme ukweli, Bi Darubini hakuwa mtu mbaya. Jina hilo walimpa wenzake kwa utani, kwa sababu hata wali alikuwa akiukodolea macho kabla ya kuutia mdomoni. Miezi miwili nyuma, kinyozi yule alilazwa kitanda cha sita, kongosho limemvimba. Ugonjwa huo ni mjanja. Kongosho likiwaka, mwili mzima unawaka nalo, na kipimo cha kawaida cha uvimbe kinapanda hata kama damu haina mdudu hata mmoja. Ndiyo maana daktari wa wodi alitaka kila siku kipimo kingine pia, kiitwacho prokalsitonini, ambacho hupaa zaidi wadudu wakishaivamia damu. "Ikivuka mbili, pigeni simu wodini papo hapo," aliagiza. Na utaratibu wa simu ulikuwa mmoja: mpimaji anasoma namba, sista wa wodi anairudia, ndipo daftarini inaandikwa "imepokelewa."

Siku ile namba ya kinyozi ilitoka kumi na moja nukta sita. Bi Darubini alipiga wodini, simu ina mtu. Akapiga tena, bado ina mtu. Njaa inamkwangua, sampuli zimejaa mezani. Akaandika kwanza "imepokelewa," apige baadaye, kama walivyofanya wote siku za shughuli nyingi. Hakupiga. Karatasi ya majibu ilifika wodini jioni, na kesho yake kinyozi akafa. Sista mkuu aliapa kuwa hakupokea simu yoyote, lakini daftari ndilo lililoaminiwa, naye akavuliwa usimamizi wa wodi aliyoilea miaka mingi. Bi Darubini alinyamaza. Aliona aibu, ila woga wake ulikuwa mkubwa kuliko aibu.

Sasa simu ikawa inalia kila siku saa ileile. Siku ya nne sauti ilitoka, ya mwanamume, imekauka kwa kiu. "Nisomee," ilisema. Bi Darubini aliuchomoa waya ukutani. Kesho yake, saa saba kasoro dakika kumi, simu ililia na waya wake umelala sakafuni.

Mwenzake wa maabara, waliyemwita Mzee Kijana kwa jinsi alivyozipaka rangi mvi zake, naye aliisikia. Siku hiyo hakuwa na utani wowote.

"Hii si kazi ya fundi simu," alinong'ona. "Mama mkwe wangu anatibu mambo haya. Nimlete?"

Mganga huyo alikuja na kadi ya kupima sukari kama mgonjwa mwingine yeyote. Alikaa kwenye kiti cha kutolea damu, akavuta hewa puani, akalitazama daftari bila kuligusa.

"Maiti hapigi simu, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Hili ni jini. Linakaa palipoandikwa uongo, linaazima sauti ya aliyedhulumiwa. Ubani hautalitoa. Atalitoa aliyeuandika uongo, mbele ya aliyeumizwa."

"Nitafukuzwa kazi, mama."

"Ya kazi siyajui mimi."

Bi Darubini hakuthubutu. Na wiki hiyohiyo mdogo wake wa kiume, fundi seremala, ndugu pekee aliyebaki naye duniani, alilazwa kwa kongosho. Kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa cha sita.

Siku mbili namba yake ilisimama kwenye sifuri nukta tatu. Siku ya tatu, saa ileile ya mchana, mashine ilitoa kumi na mbili nukta nne. Bi Darubini alirudisha waya ukutani, akapiga wodini.

"Kitanda cha sita. Kumi na mbili nukta nne. Nirudie."

"Sifuri nukta tatu," alijibu sista kwa furaha. "Imepokelewa."

Alipiga tena, akaisoma namba polepole, akajibiwa sifuri nukta tatu, na Mzee Kijana akajaribu kwa simu yake ya mkononi naye akajibiwa vilevile, na sasa mkasi ulikuwa ukikata ndani ya mashine ya kuzungushia damu ambayo haikuwashwa, na poda ilikuwa imetanda juu ya meza kama vumbi la unga, mpaka Bi Darubini akalikwapua daftari na karatasi ya majibu akakimbia, ngazi baada ya ngazi, huku pumzi kavu ikimfuata sikioni mwake na kurudia neno lile moja, nisomee, nisomee, nisomee, hadi akausukuma mlango wa wodi kwa bega.

Daktari aliitazama karatasi, akatabasamu. "Sifuri nukta tatu. Mbona unalia?"

Kando ya kitanda, yule sista aliyevuliwa ukuu alikuwa anamfuta mgonjwa jasho. Mgonjwa alikuwa anatetemeka, midomo imepauka, hamtambui hata dada yake. Bi Darubini alimtazama, kisha akalifungua daftari.

"Sista," alisema, "kinyozi wa kitanda hiki sikumpigia simu. Niliandika uongo. Wewe hukukosea kitu. Namba yake ilikuwa kumi na moja nukta sita."

Sista alisimama na kitambaa mkononi, kinadondosha maji. Kisha, kwa mazoea ya miaka yote, machozi yakimtoka, aliirudia. "Kumi na moja nukta sita. Imepokelewa."

Bi Darubini aliukata kwa kalamu ule mstari wa uongo daftarini. Harufu ya poda ilikatika. Daktari aliitazama tena karatasi, na sasa akasoma kumi na mbili nukta nne.

"Chukueni damu ya kuotesha wadudu," alisema. "Antibiotiki zianze sasa hivi."

Siku ya tano tangu hapo Bi Darubini, akiwa amesimamishwa kazi, alikwenda wodini kama ndugu wa mgonjwa. Mdogo wake alikuwa ameketi, anakunywa uji. Bi Darubini alimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akaiona shingo ya mdogo wake, imechongwa vizuri, nyeupe kwa poda.

"Nani amekunyoa?"

"Kinyozi wenu wa hapa wodini, dada. Ana mkono mwepesi huyo. Kasema nikwambie namba ya kwake ameipata."

Wodi ile haikuwa na kinyozi.

"Kasema lingine?" Bi Darubini aliuliza taratibu.

"Kauliza kama mstari ni ule mmoja tu. Eti ana wenzake wanasubiri. Nikamwambia mimi sijui, dada akija mwulize mwenyewe."

Bi Darubini alifikiria miaka kumi na minane, na siku za shughuli nyingi zilizokuwamo. Nyuma yake, kwenye kitanda cha saba kilichotandikwa shuka safi na kisicho na mtu, mkasi ulianza kukata. Alivuta kiti, akaketi, akaanza kukumbuka.