Usimwite Nafula Jioni

Maji yalikatika siku ya tatu baada ya sisi kuhamia Machakos. Nilipotoka kazini nilichukua mtungi wa lita ishirini, nikamshika mwanangu Nafula mkono, tukateremka kuyatafuta. Mama Loise, mwenye ploti tulikopanga, alikuwa ametuelekeza: fuateni njia ya nyuma ya kanisa, mpite shamba la mbaazi, mtakuta mfereji wa bomba bondeni. Hakutuambia twende saa ngapi. Baadaye alisema alidhani najua, maana hapa kila mtu anajua.

Tulikuwa tumetoka Webuye. Mume wangu Rodgers ni dereva wa lori, na tajiri wake alihamishia magari Kyumbi, basi ikabidi nasi tusogee. Alitushusha na magodoro yetu, akalala usiku mmoja, akaondoka na mzigo wa Juba. Mimi nilipata kazi ya kushona sare za shule. Siku ya kwanza msimamizi wetu, Mbithe, alinipa makasi na methali: ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Nilicheka. Kwa jinsi nilivyotaka kukaa vizuri mji ule, ningevunja yote mawili.

Shida ilikuwa Nafula. Alikuwa na miaka saba, mtoto wangu wa pekee, na huko shuleni walimcheka kila alipofungua mdomo. Alianza kukojoa kitandani. Chakula alikichezea tu. Kila usiku aliniuliza tunarudi kwetu lini. Kitu pekee kilichomfanya acheke ni simu ya baba yake. Rodgers hana salamu nyingine. Akirudi safari, kabla hajafika mlangoni, huita kwa sauti, "Nafula wa baba!" Naye huitika "Abee!" na kutoka mbio. Mimi huulizwa habari baadaye.

Jua lilikuwa limezama tulipofika mferejini, Nafula akilia njia nzima. Hapakuwa na foleni. Hilo peke yake lingenishtua kama ningekuwa mwenyeji, kwa sababu mji mzima ulikuwa hauna maji.

Bibi mmoja alikuwa ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa, kyondo, kikapu cha kusuka, mapajani. Mfereji ulidondoka polepole. To... to... to... Na palikuwa na harufu ya udongo uliolowa, ile ya mvua ya kwanza, ilhali mvua haikuwa imenyesha kwa miezi.

"Wewe si wa hapa," alisema.

"Hapana, Susu. Tumehamia juzi." Nilikuwa nimesikia watoto wa ploti wakiwaita bibi zao hivyo, nami nikajipendekeza.

"Na huyu analilia nini?"

"Hajazoea. Hana hata rafiki mmoja."

"Anaitwa nani?"

"Nafula."

"Hiyo jina ni ya nini?"

"Kwetu ni ya msichana aliyezaliwa wakati wa mvua."

Alicheka kidogo. "Sisi huyo tunaita Syombua. Ni kitu moja. Mtoto anasumbuka kwa sababu hii mchanga haijui jina yake. Niko na jina ya hapa. Nimpatie?"

Nilifurahi, sitaficha. Siku tatu nzima hakuna aliyekuwa ametupa chochote, na sasa mtu mzima wa hapa anamkaribisha mwanangu. Bibi alilowesha kidole gumba, akakiweka kwenye paji la uso la mtoto, akalitaja lile jina mara tatu kwa sauti ya chini. Kisha akatoa kwenye kyondo uzi wa shanga za samawati, akamfunga mkononi. Nafula aliacha kulia.

"Mwenye kupewa jina anatoa kitu," Bibi alinong'ona. "Lete nguo yake imembana."

Kesho yake, saa ile ile, nilimpelekea rinda la kijani. Nililishona mwenyewe Webuye, na chini ya kwapa la kushoto nililitia kiraka kwa uzi wa njano kwa sababu wa kijani ulikuwa umeniishia. Alilikunja taratibu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema.

Nilidhani ni ukarimu.

Wiki ile mwanangu alibadilika. Alikula mpaka akakwangua sufuria. Kitanda kiliamka kikavu. Alikuja na marafiki watatu wakimwita Syombua, na Kikamba kilimtoka kama maji, mpaka Mbithe aliyemsikia akaniuliza kama baba yake ni Mkamba wa Kalama. Nilimshukuru Mungu. Nilimwambia Rodgers kwenye simu kwamba mtoto ametulia, na nilijisikia mama hodari.

Alhamisi, giza likianza kuingia, nilipakua chakula. Mtoto alikuwa mezani akiandika, hatua mbili kutoka niliposimama.

"Nafula, weka vitabu ule."

Hakuinua kichwa.

"Abee..."

Sauti ilitoka nje. Mbali. Kule bondeni.

Nilijiambia ni mtoto wa jirani, watoto hupenda mzaha. Nikaita tena, kwa ukali kidogo.

"Nafula!"

"Abee, mama."

Sasa ilikuwa karibu na tangi la ploti. Nilimtazama mwanangu. Aliendelea kuandika, shanga zikigonga meza.

"Kwa nini huitiki?" nilimuuliza.

"Mimi siitwi hivyo," alisema kwa upole. "Mwenyewe ameitika."

Ningenyamaza pale. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini mimi ndiye niliyemzaa, mimi ndiye niliyempa jina lile, nami niliona uchungu kulinyang'anywa mezani pangu. Nilimshika mabega nikamwita usoni.

"Nafula!"

To... to... to...

Maji yalikuwa yakidondoka nje ya mlango wetu. Harufu ya udongo uliolowa ilipenya chini ya ubao. Kisha ukucha ukakwaruza, pale chini ambapo mkono wa mtoto hufika.

"Abee, mama. Fungua."

Sikufungua. Nilimkumbatia mwanangu tukajifunika blanketi, nikaomba mpaka sauti ikanikauka. Asubuhi palikuwa na dimbwi dogo mlangoni.

Nilikwenda kwa Mama Loise. Ni mwanamke wa kanisa, mwenye maneno machache, na nilimkuta akipepeta pojo. Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye lile jina, ungo ulisimama mikononi mwake.

"Nani alikuambia ukubali?"

"Nilidhani ni heshima. Ni mama mzee tu..."

"Jina inapeanwa na nyanya wa mtoto, nyumbani, sio kwa njia." Alifunga mlango, akashusha sauti. "Zamani hapa mtoto akizaliwa, hizo siku za kwanza alikuwa bado ni wa aimu. Wa mizimu. Siku ya tatu wamama wanampatia jina, ndio anakuwa mtu. Sasa kulikuwa na mama hapo bondeni, hata kabla nizaliwe. Mtoto yake alikufa siku ya pili. Hakukuwa na jina ya kumlilia. Huyo mama alianza kukaa hapo kwa maji jioni, akitafutia huyo mtoto jina kwa wapitaji. Sisi wa hapa saa hiyo hatuteremki."

"Lakini yeye ndiye aliyetoa jina. Hakuchukua."

"Mtu hakai na mbili. Ukichukua yake, yako unamwachia." Alinitazama kwa huruma. "Na nguo ukapeana?"

"Ndiyo."

Alitupa macho kwenye pojo zake. Nilimsihi aniambie la kufanya, nilimshika mpaka nguo. Alisema tuombe. Tukaomba. Kisha akasema, "Usimwite tena hiyo jina jioni. Kila ukiita, unamfungulia njia."

Nilikwenda moja kwa moja kumtoa mtoto zile shanga. Nilitumia makasi ya kazini, yanayokata khaki tabaka sita kwa mkupuo mmoja. Uzi ule mwembamba haukukatika. Mtoto alianza kulia, akavuta mkono.

"Unaniumiza, Mama Nafula," alisema.

Mama Nafula. Ndivyo watoto wa jirani wanavyoniita. Niliketi sakafuni nikalia mbele yake, naye akaniletea kikombe cha maji kwa adabu, kama anavyofanya mtoto aliyefunzwa vizuri kwao.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Rodgers.

Alikuwa njiani. Alisema angefika Jumamosi, na nilijua neno la kwanza litakalomtoka. Nilimpigia: hapatikani. Nilimtumia ujumbe, mmoja, miwili, tisa. *Ukifika usiite mtoto. Tafadhali usiite.* Hakuna uliosomwa. Jumamosi nilikaa getini tangu saa tisa, nikisubiri kumziba mdomo kwa kiganja changu ikibidi. Mtoto nilimfungia ndani kwa komeo la nje. Saa kumi. Saa kumi na moja. Jua likashuka nyuma ya milima, barabara ikabaki tupu.

Harufu ikaja kwanza.

Niligeuka. Rodgers hakuja kwa barabara. Mwenzake alikuwa amemshusha upande wa kanisa, naye akakata njia ya nyuma, ile ya shamba la mbaazi. Nilisikia sauti yake ikipanda kutoka bondeni, nene, yenye furaha.

"Nafula wa baba!"

"Abee!"

Na miguu midogo ikikimbia. Miguu iliyolowa.

Nilikimbilia nyumbani, nikaingia, nikafunga kwa ndani. Mwanangu alikuwa anakula. Nilisimama nimeegemea mlango, nikasikia hatua za Rodgers na zile nyingine.

"Mama Nafula, fungua," Rodgers aliita. "Tuko wawili."

Nani anamfungia mume wake nje? Angeuvunja. Majirani wangetoka. Nilisimama pale nikitafuta la kufanya na sikulipata, na mkono wangu mwenyewe ukavuta komeo.

Alikuwa amemshika mtoto mkono. Mtoto wa kike, miaka saba, amevaa rinda la kijani lisilombana tena mahali popote. Uso ulikuwa wa mwanangu. Nyusi zilikuwa za mwanangu. Alipouinua mkono kunisalimia, niliona kiraka chini ya kwapa la kushoto, kilichoshonwa kwa uzi wa njano. Pindo lilidondosha maji.

"Mikono yake baridi sana," Rodgers alisema akicheka. "Unamwacha achezee maji saa hizi?" Kisha akatazama mezani, kwenye uso ule ule, kama hajawahi kuuona. "Na huyu ni mtoto wa nani? Giza limeingia, mbona hajaenda kwao?"

"Rodgers, huyu ndiye..."

Nililitafuta jina. Lilikuwa ulimini. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote na kilichotoka kilikuwa kingine.

"Huyu ndiye Syombua."

"Haya, Syombua, nenda nyumbani," alimwambia kwa wema, maana ni mtu mwema kwa watoto. "Mama yako anakungoja."

Mwanangu alifunga daftari lake. Akasimama, akafuta mdomo.

"Asante kwa chakula, Mama Nafula."

Nilimrukia. Nilimshika mkono na ulikuwa na joto, joto lile lile nililolijua tangu siku ya kwanza, nao ukaniponyoka. Rodgers alinikamata kiunoni akiniuliza nina nini. Kupitia mlango niliona getini mtu mzee amesimama, kyondo begani, amenyoosha mkono. Mwanangu aliushika bila kugeuka nyuma.

Kesho yake Mama Loise alinisalimia kama kawaida, akauliza mtoto ameamkaje, akampapasa kichwa huyu wa rinda la kijani. Nilimkumbusha maneno yake. Alinitazama kama mtu anayesikia habari za ugenini. Picha zote kwenye simu yangu zina uso ule ule, kwa hiyo hazinisaidii. Rodgers anasema kuhama kumenichosha, kwamba mji mpya humkaba mtu mwanzoni. Ananishika bega. "Utazoea," ananiambia.

Huyu tuliye naye si mbaya. Anakula, anasoma, anampenda baba yake. Usiku nikimfunika nahisi miguu yake ilivyo baridi, na kila asubuhi shuka limelowa, lakini si mkojo. Ni maji tu, yenye harufu ya udongo. Anapenda kunifuata kila ninapokwenda.

Maji yakikatika nachukua mtungi. Nateremka jioni, saa ambayo wenyeji hawateremki. Mara nyingine nawakuta wakiondoka, bibi mbele, msichana nyuma na mtungi mdogo kichwani, shanga za samawati mkononi. Nikimwita Syombua, anageuka, ananisalimia kwa adabu, anaendelea na safari yake.

Mara moja nilijikaza nikamwita jina lake. Nililitoa lote, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bonde.

"Nafula!"

Hakugeuka. Mkono mdogo wa baridi ulinishika sketi kwa nyuma.

"Abee, mama."