Mpini wa Magamba

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, nawatangazia wananchi wote wa Mpanda, pamoja na wale wa Usevya ambao mtandao huwakatikia katikati ya utamu, kwamba hii ni hadithi ya mapenzi matukufu, yaliyopangwa mbinguni kabla dunia haijawekewa msingi.

Yalianza kwa wigi.

Ilikuwa Jumamosi sokoni, watu wamebanana kati ya meza za mchele na marundo ya mitumba. Generosa, muuza vitenge, alivaa gauni la njano lililomkaa kana kwamba lilishonwa akiwa ndani yake, na kichwani wigi jipya la rangi ya zambarau. Krispini, fundi ngozi, alipita na mwanzi wa kuvulia samaki begani, ndoano ikining'inia nyuma bila adabu. Alipogeuka kumsalimia mtu, wigi likaondoka naye.

"Wee kaka! Rudisha kichwa changu!"

"Samahani, mrembo. Nimevua Karema, nimevua Ikola, sijawahi kunasa kitu kizuri hivi."

"Hilo wigi nimeagiza Dar, lishike vizuri."

"Nani kasema habari za wigi?"

Wauza mchele walipiga vigelegele. Mapenzi yakasajiliwa.

Krispini alikuwa fundi kwelikweli. Alivisha mipini ya mianzi yake ngozi ya ng'ombe iliyoloweshwa, akaivuta, akaishona kwa uzi wenye nta, kisha, ikiwa bado na unyevu, akaigonga nakshi kwa nyundo ndogo na vyuma vyake: samaki, mawimbi, majani ya mgomba. Wageni waliokuja kutazama viboko mbugani waliondoka na mianzi yake. Alikuwa na dosari moja tu. Mdogo wake Generosa, msichana wa bweni, kidato cha tatu, mwenye akili nyingi na sura ya kuridhisha, alimwomba amshonee ndala za ngozi, naye akajibu, "Soma kwanza, mtoto." Lakini hayo tuyaache.

Baba wa wasichana hao, Mzee Ambrosi, alikuwa mvuvi wa Ikola kabla ya kuhamia mjini na kujipoza kwa samaki wadogo wa bwawa la Milala. Alitamka hivi: "Mambo ya mahari baadaye. Kwanza anitengenezee mwanzi. Mkono wangu ndio utakaojibu."

Mkono wenyewe haukuwa na kidole cha shahada. Kamba ya nyavu ilikichukua. Krispini alimsalimia mzee akaushika mkono ule muda mrefu kama mgombea udiwani, kumbe anaupima. Na kwa kuwa mzee hakuchoka kusimulia mamba aliyempindulia mtumbwi, Krispini aligonga magamba ya mamba mpini mzima, makubwa kwa madogo, akayapaka rangi, mpaka nzi wakaogopa kutua. Akaupiga picha, akamtumia Generosa.

Simu ikaita hapo hapo.

"Beibi! Hiyo ni ngozi ya mamba kweli?"

"Kweli, laazizi. Nimemuua kwa meno."

"Acha utani, watakufunga."

"Nikifungwa utaniletea ugali?"

"Na dagaa wa kukaanga. Kila siku, mume wangu mtarajiwa."

Siku ya kupeleka mwanzi, mtu mmoja alibana pua yake kwa kibanio cha nguo, chekundu, kilicholegea upande mmoja, akawapigia simu askari wa wanyamapori. "Kuna kijana atapita na nyara ya serikali, ngozi ya mamba, kavaa shati jeupe. Naomba kuwasilisha." Msimulizi anajua yote. Usiulize anajuaje.

Walimkamata barabarani, shati limepigwa pasi, majirani wakishuhudia. Ofisini walikuta picha ya mpini kwenye simu yake, imetumwa kwa Generosa. Wakampigia, spika wazi.

"Dada, unamfahamu Krispini?"

Nyumbani pilau lilikuwa linanukia uwanja mzima. Generosa alikuwa amevaa gauni la lesi la bluu. Akakumbuka "nimemuua kwa meno." Akajiona kizimbani na lesi yake.

"Simfahamu. Ni mteja tu."

"Mteja wa nini?"

"Wa vitenge."

Krispini alikuwa amekaa sakafuni na pingu. Alisikia kila neno. Akasema, "Leteni beseni la maji ya moto."

"La kufanyia nini?"

"Gamba la mamba halifutiki kwa maji. Nakshi niliyogonga mimi inafutika."

Akauzamisha mpini kwa mkono wake mwenyewe. Magamba yakavimba, yakalegea, yakafifia. Ngozi ikajikunja, mshono ukapasuka. Ikabaki ngozi ya ng'ombe, imekunjamana kama uso wa kikongwe.

"Ilikuwa kazi nzuri, kijana," askari akasema, akimfungua pingu.

Generosa alimfuata karakana, amebeba hotipoti ya dagaa, wanja umechuruzika.

"Mpenzi wangu, niliogopa."

"Karibu, dada. Nikuhudumie nini?"

"Krispini! Ni mimi!"

"Vitenge sinunui leo."

Akahamia Ikola na vyuma vyake.

Hapa nilikusudia kuwaletea harusi. Nilishachagua hata rangi ya sare. Bahati mbaya Generosa alikuja nyuma yangu akasoma kurasa hizi, kidole chake kikasimama mahali.

"Pude. Hiki kibanio umekijuaje?"

"Msimulizi anajua yote."

"Mpaka upande uliolegea?"

Nikatafuta uongo. Mimi, Pudensiana, mwongo mwenye sifa bweni zima, nikaukosa. Dada akanipa simu.

"Mpigie. Pua ikiwa wazi."

Nikaweka spika.

"Shemeji, ni Pude. Ile simu niliipiga mimi. Nilitaka wakutishe kidogo tu, tucheke."

"Nilijua, mtoto. Askari waliniambia mpiga simu alimaliza kwa 'naomba kuwasilisha.' Mpanda nzima nani mwingine anaongea hivyo?"

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe, beseni likiwa bado linatoa mvuke." Nyuma yake injini ya boti ilikohoa. "Dada yako yupo hapo?"

Generosa akaziba mdomo, akanitikisia kichwa: sema hayupo.

"Yupo, shemeji. Anakusikia."

"Basi muulize kama ananifahamu."

Dada alihangaika kutafuta sauti. Alipoipata na kusema "namfahamu," simu ilikuwa imeshakatwa.

Naomba kuwasilisha.