Mvua Kwenye Kiwanja cha Eunike

Eunike ni rafiki yangu, na si mtu wa kutunga mambo. Enzi za Mwingereza aliishi Arusha mjini, mtaa ambao ukiishiwa moto unachukua kaa kwa jirani bila hata kupiga hodi. Mwanawe alipougua surua, jirani yake Fatmabai ndiye aliyemuuguza siku tatu. Kisha ikaja amri kwamba eneo lile linatakiwa na wakubwa. Katika wiki moja nyumba zote zikabomolewa, mabati yakachukuliwa.

Jumamosi alasiri alirudi kuchukua jiwe lake la kusagia. Wingu zito lilikuwa limeshuka kutoka Mlima Meru, na giza likatanda mapema. Askari akamzuia.

“Mama, hapa si kwako tena.”

“Si kwangu? Watoto watatu nimewazalia hapa! Wewe umezaa nini hapa?”

Eunike akamsukuma, akapita. Hakuna ukuta uliosimama. Kwake alipatambua kwa mafiga tu. Mvua kubwa ikaanza, askari akakimbia kujikinga. Eunike hakukimbia. Alisimama palipokuwa jikoni mwake, akiwalaani waliobomoa, kwa Kiswahili na kwa Kimeru, mpaka sauti ikamkauka.

Ndipo alipogundua kwamba halowi.

Hatua mbili mbele yake maji yalikuwa yakirusha tope. Miguuni pake vumbi lilikuwa kavu. Akatazama juu, akaona wingu tu, hakuna paa. Na hapo hapo, juu ya kichwa chake, akasikia mvua ikipiga kwenye mabati.