Leseni ya Mhina na Simu ya Shamsia

Stendi ya Korogwe ilifurika mabasi na mabeseni ya machungwa siku Shamsia alipomkanyaga Mhina mguu. Shamsia alivaa dera la zambarau, kilemba kimelala upande kama kinasikiliza umbea. Mhina, utingo wa basi, alikuwa na begi la mtu kichwani.

"Samahani, kaka."

"Kanyaga na huu mwingine, usije ukaona wivu."

Kabla basi halijaondoka walishapeana namba. Shamsia aliuza vitenge Handeni, mzigo akiufuata Korogwe, na simu zikawa za kila siku. Alimwita "utingo wangu". Mhina alicheka, lakini jina lilimchoma. Zamani alikuwa dereva wa basi kubwa, akafungiwa leseni kwa kulipita gari mlimani huku lori likija mbele yake, karibu na Mkata.

Siku moja akamsimulia yote. Akasema abiria mmoja mwanamke ndiye aliyepiga ile namba ya trafiki inayobandikwa ndani ya mabasi, askari wakamngoja mbele. Angependa sana kumjua mama huyo.

Shamsia akaaga haraka. Tangu hapo simu zake hakuzipokea. Mhina akaamini mwanamke kachoka kupendwa na mbeba mabegi.

Kifungo cha leseni kilipokwisha, alirudi chuo cha udereva, akakaa dawati moja na vijana wanaomwamkia shikamoo, mtu mzima anaulizwa maana ya mstari usiokatika. Akafaulu, akarudishiwa leseni. Akaenda nayo moja kwa moja dukani kwa Shamsia.

Shamsia hakuitazama.

"Aliyepiga simu ni mimi," alisema. "Nilikaa kiti cha nyuma, mtoto wa dada kanilalia mapajani. Uso wako sikuuona. Niliona lori tu."

Mhina alikalia jora la kitenge bila kukaribishwa. Miaka yote hiyo alimchukia mwanamke huyo vizuri kabisa, na sasa hakujua chuki yenyewe aiweke wapi.

"Lile lori naliota," alisema mwishowe. "Ndotoni huwa halikwepi. Ungeniambia mapema."

"Ningekukosa."

"Na hivi ulivyokuwa hupokei simu, ulikuwa umenipata?"

Shamsia alicheka huku machozi yanamtoka. Mhina akamwomba jambo moja: kesho apande kosta aliyopewa kuendesha, akae kiti cha mbele.

Wakatoka Handeni asubuhi. Kosta ilikwenda taratibu hata bodaboda zenye magunia ya mahindi zikaipita. Walipokaribia Misima, abiria mmoja, mzee Sufiani, uvumilivu ulimwishia. Akauliza kama dereva anasindikiza bibi harusi.

"Kama atakubali," Mhina alijibu, macho barabarani.

Kosta nzima ikamgeukia Shamsia. Alijifunika uso kwa mtandio, kisha akaufunua.

"Egesha kwanza," alisema. "Jibu hili hapewi mtu anayeendesha."

Mhina akawasha taa ya kushoto, akatazama kioo, akaegesha polepole kama mtu aliye kwenye mtihani. Mzee Sufiani hakulalamika tena. Alijisogeza mbele, asikie vizuri.