Jozi ya Leso na Kadi ya Kura

Jumamosi, tarehe 27 Desemba 1997, saa mbili asubuhi, mvua ya manyunyu ilikuwa ikinyesha Msambweni. Esha, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa akikuna nazi barazani. Mama yake, Bi Zainabu, alikuwa sokoni akiuza mihogo. Shutu, mpigadebe wa diwani, akabisha hodi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, binti. Niletee kadi ya kura ya mama, nikupe jozi hii ya leso. Uchaguzi ukisha nitairudisha kadi."

Esha alijua kwamba uchaguzi ulikuwa Jumatatu. Lakini leso zilikuwa nyekundu, zanukia upya. Akaitoa kadi chini ya godoro, akampa Shutu. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha kuzitenganisha leso hizo mbili kwa mkasi na kuzipinda kingo.

"Umezipata wapi hizi?" Bi Zainabu aliuliza aliporudi.

"Nimepewa tu, mama."

"Tu? Na nani mkarimu hivyo?"

Esha akaangua kilio, akaeleza yote.

Mama hakumpiga. "Miaka mitano diwani huyu atuahidi pampu ya kisima, nasi twanywa maji ya chumvi. Nilitaka kumwondoa kwa kura yangu. Twende."

Walimkuta Shutu kwa muuza kahawa. Bi Zainabu akamrudishia zile leso, akadai kadi yake.

"Leso ikishakatwa hairudishwi, Bi Zainabu. Desturi hiyo nikufundishe mimi?" Wanaume waliokuwa wakinywa kahawa wakacheka.

Bi Zainabu alirudi nyumbani, akafungua sanduku, akatoa jozi aliyojiwekea kwa ajili ya Idi. Akarudi nayo, akaiweka mbele ya Shutu.

"Hii haijaguswa na mkasi. Kadi yangu."

"Lakini, Mama Esha..."

"Mpe, bwana!" muuza kahawa akamkemea. "Au sasa wataka na mihogo?" Kicheko kikamgeukia Shutu. Akaitoa kadi mfukoni.

Njiani Esha aliuliza kwa sauti ndogo, "Idi utavaa nini, mama?"

"Za mwaka jana. Sikiliza, mwanangu. Kiongozi aliyeinunua kura yako hatakusikiliza ukimlilia maji, maana kwake yeye amekwisha kukulipa. Nawe usitoe kamwe kitu kisicho chako."

"Nimekoma, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe."

Jumatatu, Shutu alikuwa amesimama kando ya njia iendayo kituoni. "Bi Zainabu, usisahau fadhila ya diwani."

"Leso nimelipa kwa leso, Shutu. Hatudaiani." Akampita, akaenda kupiga kura.