Udongo wa Handaki

Chumba cha tatu kilikataa kukauka. Vile vingine vitano vilikauka ndani ya wiki moja, kama inavyotakiwa Januari, jua likiwaka Kawangware nzima mpaka mbwa wanalala chini ya mikokoteni, lakini ukuta wa nyuma wa chumba cha tatu ulibaki na maji. Nicanor Okeyo aliugusa kila asubuhi, na kila asubuhi kiganja chake kilitoka chekundu. Alikuwa fundi wa kukandika nyumba tangu kule Gatwekera, Kibera, miaka tisa sasa, na udongo wa namna hiyo hakuwa ameuona. Alifuta mkono kwenye suruali akaendelea na kazi.

Na hapo ndipo mtu unakasirika. Kwa sababu watu walimwona akichimba.

Mwaka huo wa 1971 Kawangware ilikuwa bado kamji tu: bucha mbili, kinu cha posho, kanisa la mabati, na mashamba ya mahindi katikati ya plot za kukodisha. Mji ambao ng'ombe wako akizaa usiku, asubuhi wanakuuliza ndama ni wa rangi gani. Lakini kuna jambo moja hawakuwahi kumwambia mgeni. Wakati wa Emajensi, miaka ya kupigania uhuru, mahali pale palikuwa kijiji cha kufungiwa, na kukizunguka kulikuwa na handaki lenye vijiti vilivyochongwa, na mwaka wa hamsini na nne wanaume saba walipigwa marungu wakatupwa humo. Uhuru ulipokuja handaki lilifukiwa, juu yake wakapanda majani ya ng'ombe. Yaliyopita si ndwele, walisema, kila mtu akaenda kukamua ng'ombe wake.

Mzee Gichuru, mwenye plot, alimwonyesha Nicanor mahali pa kuchimba udongo, kule kwenye migomba. Kulikuwa kugumu kama saruji. Nicanor akasogea mwenyewe hadi kwenye yale majani, jembe likaingia taratibu, akafurahi. Siku tatu alichimba pale, udongo wa ukuta wa nyuma wa chumba cha tatu. Watu walipita. "Kazi ni kazi, fundi!" walimwambia. "Kazi ni kazi, baba," aliwajibu. Mifupa iliyotoka aliitupa kwenye ua, akidhani ni ya ng'ombe wa bucha. Hata Wakarima, mama wa kuuza maziwa, alisimama, akatua mkebe, akafungua mdomo, akaufunga. Aliinua mkebe akaenda zake.

Huyo Wakarima hakuwa mtu baki kwa nyumba ile. Nicanor na mkewe Magdaline walikuwa wamezika watoto wawili, kwa hivyo wa tatu alipozaliwa walifanya vile Wajaluo hufanya: walimweka kando ya njia, juu ya jani la mgomba, ili kifo kione hana mwenyewe, na mwanamke mwingine akamwokota akawarudishia kama zawadi. Mtoto wa hivyo huitwa Awiti, yule aliyetupwa. Aliyemwokota alikuwa Wakarima. Alicheka siku ile, akasema mambo ya Wajaluo ni maajabu, lakini alimkumbatia mtoto kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana Wangoi wake mwenyewe alikufa zamani akiwa mchanga. Tangu hapo alileta maziwa ya Awiti kila siku.

Gichuru aliwapa chumba cha tatu, kwa kuwa hakuna mpangaji angekitaka, wakahamia milango ikiwa haijafika, kwa hivyo Magdaline alitundika gunia mlangoni. Siku ya kwanza, saa kumi alasiri, wakasikia filimbi. Filimbi ya polisi kabisa, ndefu, na ilitoka ndani ya ukuta. Halafu kukaja harufu ya gunia lililoloa damu, na vishindo, tup, tup, tup, kama mtu anatwanga.

"Baba Awiti, ni nini hiyo?" Magdaline alinong'ona.

"Majirani," Nicanor alisema, ingawa chumba cha nne hakikuwa na mtu.

Siku ya pili gunia la mlangoni lilikutwa na matundu mawili, ya duara, kwa kimo cha macho. Saa kumi filimbi ilipolia, kitu kilimpiga Nicanor begani akaanguka, kikampiga mgongoni, kikampiga tena, na hakukuwa na mkono wala rungu, kulikuwa na ukuta tu ukitiririka maji mekundu. Aliposhindwa hata kulia, vipigo vikakoma. Walichukua mtoto wakakimbia kabla jua halijazama mpaka Gatwekera, kwa rafiki.

Haikusaidia kitu. Kesho yake, saa kumi kamili, kule kule Kibera, Awiti alipiga yowe, na Magdaline alipomfunua nguo akakuta paja la mtoto limevimba na kuwa jeusi, alama ya kitu cha mviringo.

"Turudi," alisema. "Jamani, turudi tuulize inataka nini. Sitamzika na huyu."

Walirudi na Ephantus, nabii wa Wakorino, wale wa kanisa la vilemba na ngoma, mtu wa kilemba cheupe na sauti ya kuamsha mtaa. Watu wote wa karibu walijaa uwanjani, si unajua mji mdogo. Gichuru naye alikuja, akinung'unika kwamba wanamharibia plot jina. Ephantus aliimba, akapiga ngoma, akaingia, na alitoka kinyumenyume, kilemba kikiwa kimefunguka na damu puani.

"Hiyo si ya maombi," alisema, akihema. "Jini limeota ndani ya damu ya watu, na kuna jambo linauliza. Nyinyi watu wa hapa, mnajua. Semeni."

Mmoja alikohoa. Mwingine aliangalia viatu. Nicanor aliwatazama uso kwa uso, watu walewale wa kazi ni kazi, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba walimwona akichimba na wakamwacha. "Mungu awaone!" alifoka. "Mlikuwa mnanisalimia!"

Ndipo filimbi ikalia.

Magdaline, aliyekuwa amesimama karibu naye, alimpa mtoto bila kumwangalia, akaenda mlangoni kwa hatua za mtu anayeburutwa, akalitoa gunia, akalivaa kichwani. Macho yake yalionekana kwenye yale matundu mawili, na hayakuwa yake. Wazee uwanjani walirudi nyuma, mwanamke mmoja akajikojolea, kwa sababu wote waliokuwepo mwaka ule walijua wanaangalia nini: mtu wa gunia, yule ambaye homgadi, askari wenyeji wa Mzungu, walimfunika ili asijulikane, wakampitisha, filimbi ya saa kumi ikilia, mbele ya wanaume waliopangwa mstari, na kila aliyemwinamishia kichwa alitolewa akapigwa.

Aligeuka kwa Gichuru. Akainamisha kichwa.

Mkono wa Gichuru ulivunjika mahali wazi, mbele ya watu, kwa mlio wa kuni kavu, ukavunjika tena juu ya kiwiko, na yeye alikuwa akipiga kelele kwamba hakuwa hata homgadi, alikuwa kijana wa kubeba maji tu. Gunia likageuka kwa Ephantus likainamisha kichwa, na meno ya nabii yakamwagika kifuani. Watu wakakimbilia ua, ua ukawarudisha, kila aliyejaribu kutoka alirushwa chini kama aliyepigwa teke, na gunia likazunguka polepole, likiwapita mmoja mmoja, likanusa, likatafuta, likaja likasimama mbele ya Nicanor, likatazama chini, kwa mtoto aliyekuwa mikononi mwake.

"Mama Awiti," Nicanor alisema. "Magda. Ni mtoto wako huyu. Ni Awiti."

Kichwa kilianza kushuka.

"Si yeye! Wacha! Si yeye, ni mimi!"

Ilikuwa Wakarima. Mkebe ulimwangukia miguuni, maziwa yakamwagika yote. Alipenya katikati ya watu, leso imeanguka, akasimama kati ya gunia na mtoto.

"Mtu wa gunia nilikuwa mimi," alisema. Aliongea haraka, kama anayetapika. "Homgadi alikuwa amemshika Wangoi wangu miguu, kichwa chini, juu ya handaki. Akasema, onyesha saba au ninaachilia. Nilionyesha sita. Wa saba aliyebaki mbele yangu alikuwa Chege, mume wangu. Alinijua kwa miguu. Alinitazama miguu, kisha akatazama mtoto, na hakusema kitu. Nikainama." Akapiga kifua. "Na Wangoi alikufa hata hivyo, miezi miwili baadaye, kwa njaa. Miaka kumi na saba mnaniita mjane wa shujaa, na mimi naitikia! Hata fundi nilimwona akichimba, nikanyamaza, kwa sababu nilifikiri nikimwambia ile mifupa ni ya nani, mtaihesabu, mtauliza."

Kichwa cha gunia kilikuwa kimesimama katikati ya kuinama.

Wakarima alinyoosha mikono, akalitoa gunia kichwani mwa Magdaline kwa upole, vile mtu humvua mtoto sweta. Magdaline akaanguka magotini, akianza kupumua. "Shika mtoto wako," Wakarima alimwambia. "Nilimwokota. Safari hii simtoi." Kisha alilivaa mwenyewe, akaingia chumba cha tatu, na Nicanor, aliyekuwa karibu zaidi, alimsikia akisema humo ndani, kwa sauti ya mke anayemwamsha mumewe: "Chege. Nimekuja."

Vishindo vilivyofuata hakuna aliyevihesabu. Nyumba ilitikisika, mabati yakapanda yakashuka, matope yakatoka kwa mapengo ya ukuta yakiwa na nywele ndani, na yeye hakulia hata mara moja, walisikia tu rungu na pumzi, rungu na pumzi, mpaka ikabaki rungu peke yake, na ikaendelea hata baada ya hapo, kwa muda, kwa muda mrefu, halafu ukuta wa nyuma ukalala chini kwa ndani. Vumbi likapanda. Udongo ulikuwa mkavu kabisa.

Walimfukua kwa mikono. Hakukuwa na mfupa mzima mwilini mwake. Alama ya pajani mwa Awiti ilikuwa imefutika, na mtoto alikuwa akilia kwa njaa, kilio cha kawaida, na Magdaline alikuwa ameketi chini palepale vumbini akimnyonyesha.

Askari wa chifu alifika jua likiwa bado juu, na daftari. Aliwauliza mmoja mmoja ni nini kilichoangusha nyumba ikaua mtu. Mvua, alisema mwenye bucha. Mvua, alisema Gichuru, mkono wake umefungwa kwa khanga. Mvua, afande, walisema wamama wa kanisa. Askari aliangalia mbingu, haikuwa na wingu tangu Krismasi. Aliandika mvua.

Wa mwisho alikuwa Nicanor. "Wewe ndiye fundi," askari alisema. "Sema ukweli. Ni nini?"

Nicanor alimtazama mkewe, akamtazama mtoto. Watu wote wa Kawangware walikuwa wamegeuka kumwangalia, wakingoja.

"Ni mvua, afande," alisema.

Mwenye bucha alimpiga bega kidogo, pale palipokuwa na jeraha. "Karibu nyumbani, fundi," alimwambia.